Mashine ya Sebuleni

Katika nyumba ya Bi Mayasa, Bagamoyo mjini, mashine ya kufulia ilikaa sebuleni kama mgeni wa heshima. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa ikawekwa chupa ya chai isiyowahi kutiwa chai, na kando ya chupa maua ya plastiki yaliyofutwa vumbi kila Alhamisi. Aliyeyafuta ni Batuli, mke wa mwana wa nyumba. Akimaliza kuyafuta, Batuli huyo huyo alitoka uani, akachuchumaa mbele ya beseni na kufua kwa mikono nguo za watu watano.

Anayetaka kucheka acheke, lakini kwanza atazame sebuleni kwake. Nyumba zetu zimejaa vitu vizuri vya kutazamwa: sahani za kabatini zinazomngoja mgeni asiyekuja, makochi ambayo nailoni yake haijavuliwa tangu yatoke dukani. Tunavipenda vitu mpaka tunaviogopa. Ila sahani ya kabatini haimvunji mtu mgongo, na mashine ya Bi Mayasa ilikuwa ikimvunja Batuli kila siku kwa kukaa kimya tu.

Aliyeileta ni Jokha, binti wa Bi Mayasa, aliyeolewa Maskati. Siku ilipofika, majirani walikuja kuitazama kama wanatazama bibi harusi. Ilikuwa nyeupe, ya kufungua juu, ndefu kufika kiunoni mwa mtu. Jokha akapiga simu ya video, akamwelekeza wifi yake hatua kwa hatua: maji unaweza kutia kwa ndoo kama bomba halina nguvu, mpira wa maji machafu unautoa dirishani, hapa unabonyeza, basi.

"Utapumzika sasa, wifi yangu," Jokha alisema.

Batuli aliitikia huku machozi yanamlengalenga. Bi Mayasa, aliyekuwa kitini akisikiliza, alingoja simu ikatwe.

"Mwanangu kaniletea mimi," alisema. "Na nguo za kusalia hazifuliwi pipa moja na suruali za watoto. Chombo gani hicho, kinakoroga twahara na najisi pamoja? Mwenye mikono afue kwa mikono."

Himid, mumewe Batuli, alikuwepo. Alitazama saa yake, akasema wateja wanamngoja dukani, akaenda zake.

Batuli alikuwa mtoto wa Kiwangwa, wa wakulima wa mananasi. Himid alimwona huko alipokwenda kupeleka mabati, akampenda, akamwoa. Bi Mayasa, ambaye babu zake walitoka Oman na ambaye hakuacha mtu asahau jambo hilo, alisema mwanawe karogwa kwa nanasi. Siku ya harusi alikaa kwenye kiti chake, akala pilau, akanyamaza. Watu walimngoja aseme amemridhia mkamwana wake, na yeye akaomba maji ya kunawa. Watoto wawili walizaliwa, wakaanza shule, na neno lile halikusemwa.

Na Batuli alilitaka. Alilitaka kuliko alivyotaka bangili ya dhahabu au kiwanja. Kwao alifundishwa kwamba mama wa mume ni mzazi, na mzazi akiondoka hajakuridhia, umebaki na deni ambalo mwenye kulipwa hayupo. Kwa hiyo alifua, alipika, alipiga deki, na kila asubuhi alipiga goti moja na kusema, "Shikamoo, Mama," akaubusu ule mkono mweupe wenye pete. "Marahaba," Bi Mayasa aliitikia, huku anatazama dirishani.

Nyumba nzima ilijua pia kwamba Bi Mayasa anayo sanda yake. Alikuja nayo kutoka Makka, alikohiji na marehemu mumewe: bafta nyeupe, vipande vyote vya mwanamke, imechovywa maji ya Zamzam na kukaushwa kwa jua la huko huko. Kila ilipokaribia Ramadhani alijifungia chumbani akaitoa na kuifukiza, na harufu ya udi na kafuri ilitoka chini ya mlango. Hakuna aliyeruhusiwa kuiona. Alisema sanda ni siri ya mtu na Mola wake.

Kisha mchwa wakaingia kwenye kasha lake la mbao. Siku hiyo mtaa mzima ulimsikia. Buibui la ujana wake lilitoka limetobolewa kama chujio, na kanzu ya mumewe ikabaki kola. Kwa siku kadhaa Bi Mayasa alizunguka nyumba akigonga makabati kwa kidole na kutingisha kichwa. Batuli alipokuwa akipiga deki sebuleni alimwona akikinyanyua kifuniko cha mashine na kukifunga, akikinyanyua na kukifunga.

"Watu wa viwanda wana akili," bibi alisema. "Hapa hata sisimizi hapenyi."

Batuli akadhani mama mkwe anaanza kulainika, akafurahi bure. Alhamisi iliyofuata maua yalirudi juu ya chupa, chupa juu ya kitambaa.

Haukupita muda, Bi Mayasa akaanguka msalani. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na ulimi ukafa nao. Alibakiwa na macho, mkono wa kushoto, na sauti moja ya kooni ambayo watu wa nyumba walijifunza kuielewa kadiri walivyoweza. Akifumba macho na kuyafumbua, hiyo ni ndiyo. Akiyakodoa tu, hapana. Kitanda chake kiliwekwa kwenye chumba kinachofungukia sebuleni, chini ya dirisha la uani, apate hewa.

Hapo ndipo Batuli alipojua kwamba zamani zote zile alikuwa hajafua. Nepi za wakubwa, za kuvaa na kutupa, Himid alinunua mwanzoni, ngozi ya mama ikatoka vipele, zikaachwa. Yakabaki mashuka. Shuka la alfajiri, shuka la baada ya chai, shuka la adhuhuri, na magauni, na vitambaa vya kutandika, na kanga za kumfunika. Ndoo ilishuka kisimani pale bomba lilipokataa, ikapanda, ikashuka. Na Batuli hakufua kwa kulipua. Alijua Bi Mayasa alivyokuwa mkali wa twahara, kwa hiyo kwanza aliiondoa najisi kwa maji mengi, ndipo akatia sabuni, ndipo akasuuza, akasuuza, mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Alisuuza kama vile mama mkwe kasimama nyuma yake.

Mikono ikaharibika. Ngozi ilipasuka katikati ya vidole, kucha zikaanza kuachana na nyama. Akikamua ndimu jikoni, alikwenda nyuma ya nyumba kulia kidogo kisha akarudi kumalizia mchuzi. Nesi wa zahanati aliigeuza ile mikono, akasema haina dawa nyingine ila kuepushwa na sabuni.

"Baba Dija," Batuli alimwambia mumewe, "naomba tuiwashe mashine."

"Mama hakutoa ruhusa."

"Mama hawezi kusema."

"Ndiyo maana. Nimngoje alale kitandani ndipo nivunje neno lake? Vumilia kidogo, mama Dija."

Himid alikuwa hodari sana wa kuvumilia kwa mikono ya watu wengine. Alinunua mafuta ya mgando, kopo kubwa, akaliweka mezani kama mtu aliyejenga msikiti.

Na kweli, Batuli akiisogelea mashine tu, hata kwa kufuta vumbi, ile sauti ya kooni ilitoka chumbani, kali, na mkono wa kushoto ulichezacheza hewani. Batuli alirudi nyuma. Moyoni alisema maneno ambayo hakuwahi kuyasema kwa mdomo: kila kitu cha huyu mwanamke kimepata kiharusi ila uchoyo wake. Alisema, kisha akaomba toba, kisha kesho yake akasema tena.

Lakini mtu humlishi, humwogeshi, humgeuzi kila siku ukabaki naye mbali. Pole pole Bi Mayasa alianza kukubali mambo. Alikubali Batuli amsuke nywele, wakati zamani alizificha hata kwa wanawake. Akikohoa, macho yake yalimtafuta Batuli kwanza, Himid baadaye. Himid aliliona hilo, akalitumia kama sababu ya kuchelewa zaidi dukani.

Asubuhi moja, watoto wamekwenda shule na Himid katoka, Batuli alikuwa anampaka mama mkwe mafuta miguuni. Ghafla ule mkono wa kushoto ulimshika kiganja. Bi Mayasa alikigeuza, akakitazama. Alizitazama zile nyufa kwa muda, moja moja, kama anasoma. Kisha akauachia mkono, akainua kidole, akaonyesha kupitia mlangoni. Sebuleni. Mashine.

Batuli alidhani kaona vibaya. Kidole kikainuka tena. Safari hii na sauti ilitoka, si ile ya kufukuza, sauti ndogo ya kuomba.

"Mashine, Mama?"

Macho yakafumba, yakafumbuka.

"Niifungue?"

Yakafumba, yakafumbuka, na chozi moja likashuka upande wa sikio.

Hakuuliza la tatu. Angeuliza, pengine ningekuwa na jambo jingine la kuwasimulia leo. Batuli aliona kitu kimoja tu: kwamba mama mkwe kaitazama mikono yake na kumhurumia. Aliubusu ule mkono wa kushoto, ambao katika maisha yake yote Bi Mayasa hakuwahi kuutumia kumpa mtu kitu, akasema, "Ahsante, Mama. Mungu akuweke," akatoka mbio kama msichana. Bi Mayasa alibaki kayakaza macho mlangoni, akimngoja arudi.

Batuli alikwenda uani kwanza. Alichukua beseni la mashuka ya alfajiri, akayamwagia maji mara moja tu kwa sababu mikono ilikuwa inawaka, akasema mashine itamalizia. Aliliweka beseni begani na kuingia nalo sebuleni. Akatoa chupa, akatoa maua, akakivua kitambaa cha kufuma, akanyanyua kifuniko.

Chini kabisa ndani palikuwa na foronya nyeupe, imekunjwa vizuri. Aliiona. Hilo lazima lisemwe, asije mtu akamtetea kwa uongo. Lakini macho ya mtu anayefua kila siku hayaoni foronya, yanaona nguo ya kufua. Alidhani ni ile iliyofutia vumbi siku mashine ilipofika, ikasahauliwa humo. Kama palikuwa na harufu ya udi au kafuri, hakuisikia, kwa kuwa harufu ya lile beseni ilikuwa imemjaa puani. Akaangusha mashuka juu yake. Nafasi ikabaki, na furaha ikamfanya mlafi: akaongeza kanga yake nyekundu, mpya, aliyoivaa mara mbili tu. Akatia maji ndoo kwa ndoo, akatia sabuni ya unga, akautoa mpira dirishani, akabonyeza pale alipoonyeshwa na Jokha.

Mashine ikanguruma. Na chumbani Bi Mayasa akapiga ukelele.

Haukuwa mlio ambao nyumba ile ilikuwa imewahi kuusikia. Batuli alikimbilia ndani, akamkuta anapiga godoro kwa mkono wa kushoto, macho yamemtoka.

"Ni mashine tu, Mama," alimwambia, akimpapasa paji la uso. "Ina kelele, lakini haina neno. Tulia, Mama yangu."

Akamfunika vizuri. Akatoka, akaurudisha mlango ili kelele zisimsumbue mgonjwa.

Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu aolewe: alijimiminia chai, akakaa kitini, akainywa ingali moto. Alikishika kikombe kwa mikono miwili mikavu. Mbele yake nguo zilikuwa zinajifua, kwa haki ya Mungu, zenyewe, zinakwenda kushoto na kurudi kulia, na yeye amekaa. Alimfikiria mama yake kule Kiwangwa, aliyeinama kisimani mpaka mgongo ukakataa kunyooka, akacheka peke yake kwa mshangao na huzuni. Akapanga. Mchana atalala kidogo. Mikono ikipona, Idi atapaka hina, kwa kuwa hina haishiki kwenye ngozi iliyopasuka. Zaidi ya yote alipanga kumweleza Himid usiku huo kwamba mama, kwa kidole chake mwenyewe, kamhurumia. Hajasema neno, lakini huruma na neno si mbali.

Kelele za chumbani zilikuwa zimekwisha. Batuli alifikiri mgonjwa kalala.

Mashine iliponyamaza alinyanyua kifuniko. Shuka la kwanza lilitoka zuri, limekamuliwa karibu kukauka. La pili lilikuwa na wekundu pembeni. Alisonya, akailaumu kanga na aliyeiuza. Kisha akaivuta ile foronya. Ilikuwa imefumuka mdomo, na kitambaa kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimetoka na kujiviringisha kwenye kanga yake. Alivuta, kikaja. Akavuta, kikaja, kirefu, kisichokwisha. Bafta. Hakina pindo popote. Vidonge vyeupe vya kafuri vilikuwa vimekwama kwenye mikunjo, vimeyeyuka nusu. Na bafta yote ilikuwa na rangi ya fizi.

Nguo isiyo na pindo ni ya aina moja tu. Batuli alikaa chini pale pale sakafuni.

Alielewa kidole. Alielewa na zile sauti zote za zamani za kumfukuza, ambazo aliziita uchoyo.

Alipoweza kusimama aliipeleka sanda uani, akafunga mlango wa nje kwa komeo. Akafua kwa mikono. Alitia sabuni ya mche, alitia ndimu, alitia bluu ya nguo, akafikicha, akasuuza, na kila alipoikamua sabuni iliingia kwenye zile nyufa, naye hakuondoa mkono. Najisi ilitoka, hilo alilihakikisha mpaka akaridhika nafsi yake. Nguo ikawa twahara. Wekundu ulikataa. Damu ya vidole nayo ilianza kutoka, akalazimika kusuuza upya kwa ajili ya damu yake.

Aliianika kama wanawake wanavyoanika nguo za ndani, chini ya nguo nyingine, jirani asione. Alitandaza sanda kambani na juu yake akatandaza shuka kubwa. Akaingia jikoni kutafuta chetezo, maana alitaka ikikauka aifukize udi upya. Upepo wa baharini ulivuma wakati huo, si mwingi. Ulilichukua shuka na kulitupa upande wa pili wa kamba.

Batuli alipotoka, sanda ilikuwa wazi juani, pembeni ya kanga nyekundu. Na dirishani, juu ya mto, macho ya Bi Mayasa yalikuwa yanaitazama.

Aliingia akapiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, Mama. Nilidhani umenionea huruma mikono. Sikujua. Wallahi sikujua."

Bi Mayasa hakupiga kelele. Alimtazama kidogo, kisha akageuza uso ukutani, kazi iliyomchukua muda, kwa shingo ile mbovu. Tangu siku hiyo Batuli akileta kijiko, mdomo ulifumbwa. Himid alipoleta yeye, ulifunguka. Akiulizwa kitu na Batuli, hakuyafumba macho wala hakuyakodoa. Aliyatuliza tu ukutani, kana kwamba pale hapana mtu aliyemuuliza.

Himid alipoelezwa, alijikuna shingo. "Nguo tu hiyo. Bafta imejaa madukani."

"Ni ya Makka, baba Dija."

"Najua ni ya Makka. Sasa nifanyeje? Na usimwambie Jokha. Jokha akijua, Maskati nzima itajua."

Bi Mayasa alifariki siku chache baadaye, saa ya adhuhuri, uso ukutani. Batuli alikuwa kashika kikombe cha maji mlangoni. Kila siku aliomba radhi, akipiga goti na kusema shikamoo kwa ule mkono wa kulia uliokufa, na kila siku hakupata hata kope.

Aliyeitwa kumwosha maiti alikuwa Bi Mwanamvua, mwanamke wa mtaani mwenye kazi hiyo siku nyingi. Alipouliza sanda, Batuli aliileta ile, imekunjwa, imefukizwa, inanukia.

"Rangi yake imechuja, bibi, lakini ni twahara. Marehemu alitaka hii."

Bi Mwanamvua aliikunjua, akaitazama kwenye mwanga. "Rangi haina neno, mwanangu. Kikubwa utwahara."

Lakini Himid alikuwa nje ya pazia, amesikia. Akapenyeza mkono wenye mfuko wa dukani. "Mama yangu hazikwi na nguo iliyochujiwa na kanga," alisema. "Watu watasemaje?" Mwenye maiti alikuwa yeye. Bi Mwanamvua alimtazama Batuli, akapokea mfuko. Batuli aliikunja ile sanda, akaipeleka chini ya nguo zake mwenyewe.

Maziko hayakumngoja Jokha. Alifika kesho yake, macho yamevimba kwa safari na kilio, akawakuta wanawake wamejaa sebuleni juu ya mikeka. Mashine ilikuwa imesukumwa ukutani na kitambaa chake juu. Jokha aliiona, akasimama, akaiwekea mkono.

"Kaka," alimwambia Himid aliyekuwa mlangoni, "Mama mlimkafini kwa sanda yake?"

"Ndiyo," Himid alisema, kabla Batuli hajafungua mdomo.

"Alhamdulillahi." Jokha alishusha pumzi. "Nani alijua ilipo?"

"Alimwonyesha mama Dija."

Hilo halikuwa uongo. Jokha aligeuka, akamtafuta wifi yake kati ya wale wanawake, akamwendea mpaka pale alipokaa na kuchuchumaa mbele yake.

"Wifi, unajua Mama aliniambia nini? Alipokuwa bado ana ulimi wake, nilimpigia, nikamwambia, Mama, basi mwambie japo Himid ulikoiweka. Akasema hamwambii mtu. Akasema, siku yangu ikikaribia nitamwonyesha yule niliyemridhia. Nikifa sikumwonyesha mtu, basi sina niliyemridhia, mninunulie ya dukani." Jokha alimkumbatia, analia. "Alikuridhia, wifi yangu. Alikuridhia."

Wanawake waliitikia kwa dua. Mmoja alisema hakika, kwa jinsi alivyomhangaikia, na mwingine akasema wakamwana wa siku hizi waje wajifunze hapa. Batuli alilia mpaka wakamletea maji. Alilia kwa sauti, kwa kifua chote, na hakuna mmoja kati yao aliyejua analilia nini ila mume wake, aliyetoka kwenda kupokea wageni waliokuwa bado hawajafika.

Kabla ya kurudi Maskati, Jokha alimwita fundi. Mashine ilitolewa sebuleni, ikajengewa kibanda uani, ikafungiwa bomba. "Ni yako sasa," alimwambia Batuli. "Mama angependa iwe yako." Chupa ya chai ilikwenda kabatini, maua yakatupwa.

Ni mashine nzuri, hakuna wa kuisema vibaya. Sare za watoto zinatoka safi, kanzu za Himid zinatoka safi, na mikono ya Batuli imepona. Idi iliyopita alipaka hina na ikashika vizuri, nyeusi tii, majirani wakamsifu. Sanda ingali chini ya nguo zake. Haiwezi kuvaliwa, haiwezi kugawiwa, na hana moyo wa kuichoma. Kila Ramadhani inapokaribia hujifungia chumbani, akaifukiza udi.

Na kila anapotaka kufua, hunyanyua kifuniko, akachungulia ndani, akaona hamna kitu. Kisha huinama, akatia mkono mpaka begani, akapapasa chini kote kwa vidole vyake vya hina, taratibu, mzunguko mzima. Ndipo anapotia nguo.